Ndege hii inataga mayai?

Msomaji wa Morogoro, anayejifunza kazi ya kuongoza wageni katika misitu ya Uluguru, anauliza: "Ndege aitwaye chozi wakiwa wengi, niseme 'chozi hawa' au 'machozi haya'? Mwenzangu hunicheka nikisema 'chozi hawa'."

Sema chozi hawa, naye mwenzako amalize kicheko chake. Machozi haya yanatoka machoni. Chozi hawa wanafyonza mbochi mauani. Maneno yamegongana umbo, basi. Kiumbe hai hubaki kiumbe hai.

Kilichonichoma ni sentensi uliyoambatisha kutoka kijitabu cha wageni: "Chozi ya Loveridge ni ndege inayopatikana Uluguru pekee." Habari yenyewe sina ugomvi nayo. Ndege huyo, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1922 na kupewa jina la Arthur Loveridge, hana makao mengine duniani ila misitu ile ya milimani yenye mvua nyingi. Lakini inayopatikana? Ndege inayopatikana ina rubani, ina magurudumu, ina abiria waliofunga mikanda. Tumfuate mwandishi huyu hadi mwisho wa ukurasa: ndege yake "ina kichwa cha kijani kinachometa", "inajenga kiota", kisha, Mungu atustiri, "inataga mayai". Nani atakata tiketi?

Waliokiita chombo kile ndege kwa kuwa kinaruka walituachia mpaka ulio wazi: ndege huyu ameruka, ndege hii imeruka. Kifaru naye ni vilevile: huyu ana pembe, hiki kina mzinga. Silabi moja tu inamtenganisha mnyama na vita, nanyi mnaiona mzigo!

Najua utetezi: "Huku bara ndivyo tunavyosema." Ni kweli, na sokoni simsahihishi mtu. Nikiambiwa "kuku hii elfu ishirini", ninachobishania ni bei. Tena vimilikishi vina njia zake. Rafiki yangu, mbuzi zangu, ni Kiswahili safi, asikurukie mtu. Ila rafiki yangu huyo amekuja, haijakuja. Na kijitabu cha kuchapwa si soko la kuku.

Andikeni: "Chozi wa Loveridge ni ndege anayepatikana Uluguru pekee." Na kidege? Kidege ameruka. Atakayesema "kidege kimeruka" kwa kumdogosha, nitamvumilia, shingo upande.