Maji: nakunywa kidogo, au nazidisha?

Joto la Dar likipanda, maswali ya maji huja mfululizo. Safari hii nimechagua saba. Lile la mkimbiaji wa Moshi nimelipa nafasi kubwa kwa sababu watu wengi wanajua hatari ya kukaukiwa na maji, ila hawajui kwamba maji yakizidi nayo yanaua.

Glasi nane kwa siku ni lazima? Mimi ni fundi cherehani, nakaa tu kivulini, nikijilazimisha kuzimaliza nashinda chooni. (Dada, Mbagala)

Si lazima, dada yangu. Wengi huifuatilia hesabu hiyo hadi Marekani mwaka 1945, wakati bodi ya lishe ya huko ilipopendekeza lita 2.5 kwa mtu mzima. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu wakashika namba, wakaiacha sentensi.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2010 iliweka lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, ikijumlisha maji ya kunywa, chai, maziwa, mchuzi na matunda. Na hayo ni makadirio ya mtu asiye kwenye joto kali wala kazi nzito. Zaidi ya nusu ya uzito wa wali uliopikwa ni maji. Tikiti ndiyo karibu lote. Kwa hiyo wewe wa kivulini, lita moja na nusu ya vinywaji huenda ikakutosha siku nyingi. Mbeba zege wa juani anaweza kuhitaji mara mbili ya hiyo au zaidi, na kumpa namba moja na wewe ni kumkosea.

Fuata kiu, kisha uangalie mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, ongeza. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba kutwa nzima, umeshapitiliza, punguza. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo yuko tofauti: yeye hushauriwa anywe hadi akojoe angalau lita 2.5 kwa siku.

Nilikimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza, nikatumia zaidi ya saa tano. Nilikunywa kila kituo cha maji kama nilivyoshauriwa. Mwishoni vidole vilivimba hadi pete ikabana, kichwa kikauma, nikatapika. Wenzangu wakasema nimeishiwa maji, wakanipa chupa nyingine. Nilizidi kuwa vibaya, nikapelekwa hospitali. Kulikoni? (Kaka, Moshi)

Kaka, nashukuru kwamba umeandika ukiwa mzima. Siwezi kukupa jibu la uhakika bila kuona vipimo vyako, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na sodiamu kushuka kwenye damu kwa sababu ya kunywa kupita kiasi.

Sodiamu ndiyo chumvi inayoshikilia maji mahali pake mwilini. Kawaida yake ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita ya damu. Figo za mtu mzima aliyetulia zinaweza kutoa kama lita moja ya maji kwa saa, si zaidi sana. Ukiwa unakimbia, mwili humwaga homoni inayoziambia figo zibakize maji, hivyo uwezo huo unapungua zaidi. Ukiendelea kunywa, damu inazimuka kama juisi iliyoongezwa maji, na maji yanaanza kuingia ndani ya seli. Kidole kikivimba kina nafasi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Ndipo kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na ikizidi anapata degedege na kupoteza fahamu.

Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa 135 au chini ya hapo. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne. Mkimbiaji wa polepole anakutana na vituo vilevile vya maji, ila ana muda mrefu wa kunywa na jasho lake si jingi kama la anayeongoza.

Safari ijayo kunywa ukisikia kiu, na kituo ambacho huna kiu ukipite. Kwenye mazoezi jipime uzito kabla na baada. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, ulikunywa mno. Vinywaji vya wanamichezo havikukingi, kwa sababu sodiamu yake ni ndogo kuliko ya damu. Madafu ni vilevile: yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo.

Na kwa wenzako wote wa mbio: mtu akimaliza akiwa amevimba, anatapika au anaongea yasiyoeleweka, msimlazimishe maji. Mpelekeni hospitali haraka na mseme wazi amekunywa kiasi gani. Habari hiyo inaweza kubadilisha dripu atakayowekewa.

Mwanangu ana miezi mitatu. Bibi yake anasema joto hili litamkausha, nimpe vijiko vya maji. (Mama, Tanga)

Mama, usimpe. Bibi anaongea kwa upendo, mweleze kwa upole kwamba karibu asilimia 88 ya maziwa yako ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe unywe ukisikia kiu. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Figo za mtoto huyo bado changa, na tumbo likijaa maji hatanyonya vya kutosha.

Kwa wanaotumia maziwa ya kopo: najua bei ilivyo, lakini kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunaweza kumletea mtoto degedege. Akiharisha, mpeleke kituo cha afya, na ORS atakayopewa ichanganywe kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kisizidi wala kupungua.

Chai na kahawa zinahesabika? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo. Punguza sukari tu.

Nimetumiwa ujumbe kwamba lita moja na nusu ya maji ukiamka, kabla ya kupiga mswaki, inatibu kisukari na presha. (Kaka, Dodoma)

Haitibu. Ninachokiogopa ni mtu kuacha dawa zake kwa ajili ya ujumbe huo. Na kunywa mengi kwa mkupuo si jambo la kujaribu: mwaka 2007 huko Sacramento, California, mama wa watoto watatu alikufa saa chache baada ya shindano la redio la kunywa maji bila kwenda chooni.

Nina miaka 71, natumia dawa ya presha inayokojosha. Wanangu wananisimamia ninywe lita tatu kila siku. Siku hizi nayumba na kusahau. (Mzee, Morogoro)

Shikamoo mzee wangu. Dawa za kundi la thiazaidi, kama haidroklorothiazaidi, zinaweza kushusha sodiamu, hasa kwa watu wa umri wako, na lita tatu juu yake zinaongeza hatari. Usiache dawa mwenyewe. Nenda kliniki wiki hii hii, beba vidonge vyako, uombe kupimwa sodiamu na potasiamu. Wanao wameona mbali kidogo, maana uzeeni kiu hupungua, lakini kiasi kipangwe na daktari wako. Mwenye moyo dhaifu, miguu inayovimba, au anayesafishwa damu, huwekewa kikomo.

Nakunywa hata lita sita, kiu haiishi, usiku naamka mara nne kukojoa, na suruali zimelegea. (Kaka, Kahama)

Hapo usihangaike na maji, kaka. Usiyapunguze kwa nguvu, na usikate kiu kwa soda. Kesho asubuhi nenda ukapime sukari. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula, au 11.1 wakati wowote ukiwa na dalili hizo, uwezekano mkubwa ni kisukari. Ukianza kutapika, tumbo kuuma au kuhema kwa kasi, usingoje kesho, nenda usiku huohuo.