SMIG inapopanda: hesabu za kufanya Lubumbashi kabla ya kumtoa mtu kazini

Mwaka 2018 SMIG, yaani kima cha chini cha mshahara nchini Kongo, iliwekwa kuwa franka 7,075 kwa siku kwa manevri wa kawaida, yaani kibarua asiye na ujuzi maalumu. Wakati ule dola moja ilikuwa kama franka 1,600, hivyo manevri huyo alikuwa akipata zaidi kidogo ya dola 4. Kiwango kikaachwa palepale miaka saba. Mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa imefika kama franka 2,850, na zile 7,075 zikawa hazitimizi hata dola 2 na nusu. Ndipo amri ya Mei 2025 ikapandisha SMIG hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026.

Kwa franka, hiyo ni mara tatu, na waajiri wengi walishtuka. Lakini zitenganishe hatua mbili. Hatua ya kwanza, 14,500, ilikuwa kama dola 5: ilimrudishia manevri kile ambacho dola ilikuwa imemla tangu 2018. Nyongeza hasa ni hatua ya pili. Anayesema "wafanyakazi wamepandishiwa mara tatu" anasahau kwamba kwa miaka saba walikuwa wakishushiwa kimyakimya kila mwezi, bila amri na bila mtu kupiga kelele.

Je, kupandisha SMIG kunaua kazi? Jibu la haki ni kwamba inategemea kazi ipi na nani anailipia. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa ya chakula cha haraka ya huko na ya mashariki mwa Pennsylvania, jimbo jirani ambalo halikupandisha. Hawakuona ajira ikianguka New Jersey. Wenzao walipinga hesabu hizo, na ubishi haujaisha, lakini Card alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa sababu ya utafiti wa aina hiyo. Kwa upande mwingine, Afrika Kusini ilipandisha mshahara wa wafanyakazi wa mashamba mwaka 2013 kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku kwa mara moja, na hapo tafiti zinaonyesha mishahara ilipanda kweli huku baadhi ya wafanyakazi wakipoteza nafasi. Pale ambapo waajiri ni wachache na mfanyakazi hana pa kukimbilia, mwajiri huwa analipa chini ya kile kazi inachozalisha, na ana nafasi ya kupandisha bila kufukuza. Pale ambapo faida ni nyembamba na ongezeko ni kubwa kwa mara moja, watu hutoka.

Lubumbashi ina hali zote mbili katika barabara moja, ndiyo maana ushauri wa jumla haumsaidii mtu hapa. Kila mwajiri afanye hesabu yake.

Anza na gharama kamili, maana kosa la kwanza ni kuhesabu mshahara peke yake. Franka 21,500 mara siku 26 ni 559,000 kwa mwezi. Juu yake mwajiri anaongeza 13% ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), sawa na 72,670, na 3% ya INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi) kama ana wafanyakazi wasiozidi 50, sawa na 16,770. Jumla 648,440, kabla ya mchango mdogo wa ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), na kabla ya posho ya nyumba, usafiri, matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na posho ya watoto. Hii 5% ya CNSS inayokatwa kwa mfanyakazi isiingie humo. Hiyo inatoka katika 559,000 yake.

Sasa tafuta pengo. Usilinganishe na 7,075 kama hukuwa ukilipa 7,075. Tuchukue bulanjeri (kiwanda cha mikate) ndogo ya Katuba yenye manevri sita waliokuwa wakipata 12,000 kwa siku. Pengo ni 9,500 kwa siku, yaani 247,000 kwa mwezi; ukiongeza michango ya 16% (13% na 3%) ni 286,520 kwa mtu mmoja, na 1,719,120 kwa wote sita. Hii ndiyo namba ya kuandika ukutani.

Igawanye kwa unachouza. Bulanjeri hiyo ikitoa mikate 2,000 kwa siku, ni mikate 52,000 kwa mwezi, na ongezeko linakuwa franka 33 kwa mkate. Kama mkate unauzwa 500, ni chini ya 7%. Shida ni kwamba bei ya mkate sokoni Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi) haipandi kwa franka 33. Inapanda kwa 100, au haipandi. Wa kwanza kupandisha 100 peke yake anapoteza mama wauzaji wanaobeba mikate kichwani, maana wao wanahesabu faida kwa mkate mmoja mmoja. Kwa hiyo wengi hupunguza donge: mkate wa gramu 200 unakuwa 187. Mteja haoni wiki ya kwanza, ila watoto wake wanaona. Hivyo ndivyo ongezeko la mshahara linavyofika mezani kwa watu wasio na mshahara wowote. Aliye na bulanjeri afadhali akubaliane na wenzake wa mtaa kuhusu gramu zinazotangazwa wazi kuliko kila mmoja kupunguza gizani.

Kabla ya kugusa bei au mtu, pima saa zinazolipwa bila kazi. Katika mji huu ni nyingi, na sababu kubwa ni umeme. Wiki ya kazi kisheria ni saa 45. Kwa siku sita ni saa 7 na nusu kwa siku. Saa moja kwa SMIG mpya pamoja na michango ni karibu franka 3,325. Weka daftari wiki mbili: saa umeme ulipokatika, saa unga ulipochelewa, saa watu walipokaa wakingoja fundi. Watu sita wakikaa saa moja na nusu kwa siku, ni saa 234 kwa mwezi, sawa na franka 778,050. Hiyo ni karibu nusu ya pengo lote. Kuhamisha ukandaji kwenye saa ambazo umeme hukaa, kununua unga siku moja kabla, kuweka mikanda na beringi za akiba karibu na mashine: hayo yanaokoa zaidi ya kumtoa mtu mmoja. Angalia tu kwamba ukihamisha kazi usiku, saa za usiku zina nyongeza yake.

Na kumtoa mtu si bure. Preavi (notisi ya kuachishwa kazi) anayopewa manevri ni siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima aliofanya. Aliyekaa miaka sita ana siku 56. Mara 21,500 ni franka 1,204,000, kabla ya likizo ambazo hajachukua. Fedha hiyo ingelipia pengo lake kwa zaidi ya miezi minne. Tena ukitoa watu kwa sababu za kiuchumi, lazima uwajulishe wajumbe wa wafanyakazi na mkaguzi wa kazi, na ufuate mpangilio: ujuzi, miaka ya kazi, mzigo wa familia. Anayechagua majina kwa chuki anashindwa mahakamani.

Kampuni za sentinele, yaani walinzi, ni jambo jingine kabisa. Pale mishahara ndiyo karibu gharama yote, na hakuna donge la kupunguza. Lango moja linalolindwa usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Ukigawanya kwa 45 unapata karibu watu wanne. Wengi huweka wawili wa saa 12, na hapo ndipo sheria na uchovu vinapokutana. Kampuni ya namna hii haiwezi kumeza ongezeko. Mteja atalipa, au atapunguza lango liwe la usiku peke yake. Hapa kazi hupotea kweli, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya vijana wa Ruashi na Kampemba wanaoishi kwa kazi hiyo. Mwenye kampuni aende kwa mteja mapema, miezi mitatu kabla ya kima kipya kuanza, na karatasi ya hesabu mkononi: mshahara, michango, nguo, usimamizi, faida. Mteja anayeoneshwa hesabu hubishana juu ya faida. Asiyeoneshwa hubishana juu ya bei yote.

Wanaofanya sutretansi ya migodi, yaani kazi wanazopewa kwa mkataba na kampuni za migodi, wana mtego ambao hauonekani katika amri. Mikataba yao ni ya dola, mishahara ya chini inahesabiwa kwa franka. Franka 559,000 kwa kiwango cha 2,850 ni dola 196. Miezi ya mwisho ya 2025 franka ilipata nguvu. Kwa kiwango cha 2,300, mshahara uleule ni dola 243. Dola 47 kwa kila mtu, bila amri mpya wala saa moja ya ziada. Mwenye watu 80 anatafuta dola 3,760 kila mwezi bila kuelewa zimepotelea wapi. Mkataba wowote unaosainiwa sasa uwe na kipengele cha vitu viwili: bei inarekebishwa SMIG ikibadilika, na inarekebishwa kiwango cha dola kikisogea kupita kiasi mlichokubaliana, mathalani 5%, kuelekea upande wowote. Kampuni kubwa hukubali kwa urahisi zaidi ikiwa kipengele kinawalinda nao pia franka ikianguka.

Kuna njia za mkato ambazo huharibu mambo kila mara. Ya kwanza ni kuchukua posho ya nyumba na usafiri, kuzitupa ndani ya mshahara ili ufike 21,500. Sheria ya kazi haihesabu nyumba, usafiri, matibabu wala posho ya watoto kuwa sehemu ya ujira, kwa hiyo mkaguzi akifungua fishi ya malipo (hati ya mshahara) anaona manevri yuko chini ya SMIG, na deni linahesabiwa nyuma. Ya pili ni kumgeuza mtu wa kudumu kuwa jornalie, yaani kibarua wa siku kwa siku. Aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Wengi wanamzungusha mtu hivyo mwaka mzima wakidhani wako salama, kumbe ana haki zote.

Ya tatu haina hila, ila ndiyo inayovunja timu: kumpandisha manevri na kumsahau fundi. SMIG ni ngazi ya chini tu. Mfanyakazi maalumu, mwenye ujuzi nusu, mwenye ujuzi kamili, kila mmoja ana kima chake kinachohesabiwa kutoka kwa kile cha manevri. Mwoka mikate aliyekuwa akipata 18,000 wakati manevri alikuwa na 12,000, ukimwacha kwenye 21,500 sawa na manevri, unamlipa chini ya ngazi yake, na mwezi wa tatu utamkuta kwa jirani. Ukitengeneza bajeti, anza juu ya ngazi ushuke, usianze chini.

Kuhusu bukari (ugali), wengi wanaogopa kwamba mishahara ikipanda, unga utapanda na kula ongezeko lote. Sehemu ni kweli: familia ya mshahara mdogo ikipata franka zaidi, za kwanza huenda kwenye unga, na mwenye depo anajua tarehe ya malipo. Lakini bei ya mfuko wa kilo 25 hapa inaamuliwa zaidi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mvua ilipokosekana Zambia mwaka 2024 na nchi hiyo ikatangaza janga la ukame, mzigo wa bei ulifika huku bila SMIG kusogea hata franka moja. Wafanyakazi wanaoweza kuchangishana na kununua mifuko pamoja katikati ya mwezi, kabla ya wiki ya malipo, wanalinda ongezeko lao kuliko wanaosubiri tarehe 30.

Kwa mfanyakazi, mambo ni machache lakini hayasubiri. Andika siku ulizofanya katika daftari lako mwenyewe, maana pointaje (orodha ya mahudhurio) ya mwajiri inaweza kupotea. Zidisha kwa kima cha ngazi yako, linganisha na mshahara wa msingi kwenye fishi, bila posho. Angalia kama 5% ya CNSS inayokatwa inafika kweli: nenda dirishani na namba yako uulize. Ukiona pungufu, pitia kwa mjumbe wa sindika (chama cha wafanyakazi) kwanza, kwa barua yenye tarehe na nakala iliyosainiwa. Wasipopatana, kesi inaenda kwa mkaguzi wa kazi kwa usuluhishi. Mahakama ya Kazi haipokei shauri lisilopita huko, kwa hiyo PV (hati rasmi) ya kutopatana itunze kama kitambulisho. Ukisaini karatasi ya "nimelipwa yote" siku ya kuondoka, usidhani umefungwa mdomo; saini hiyo haifuti haki ya kudai kilichopungua. Kinachoifuta ni muda: dai la mshahara hufa mwaka mmoja tangu siku mshahara huo ulipotakiwa kulipwa, na kila mwezi unahesabiwa peke yake. Aliyepunjwa Januari 2026 ana mpaka mapema 2027 kudai Januari hiyo, na mwezi mmoja zaidi kudai Februari.