Fundi Anajibu: Ekseli ya Nyuma ya Gari-Nyumba

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Minneapolis, Marekani. Mwaka jana nilinunua gari-nyumba kuukuu lililojengwa juu ya chesisi ya Chevrolet P30 ya miaka ya 1980. Tangu nilitoe kwenye maegesho baada ya majira ya baridi, nikifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa linavuma kutoka nyuma, na mvumo huo hupungua nikiachia pedeli ya mafuta. Isitoshe, tairi la ndani la upande wa kulia limelowa oili. Gereji moja imeniambia kwamba ekseli nzima imekufa na sina budi kununua nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozitaja sioni bado sababu ya kununua ekseli nzima. Umeeleza matatizo mawili, uvujaji na mvumo, na huenda la kwanza ndilo lililozaa la pili: oili ikivuja kwa muda mrefu hupungua ndani ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli), na meno yanayosagana bila oili ya kutosha hayakosi kulia.

Kabla ya yote, ijue ekseli uliyo nayo. Chini ya gari, kwenye chuma cha nyumba ya difu, mara nyingi utaikuta namba iliyochomoza. Kwenye chesisi yako yawezekana kabisa ikawa 70, yaani Dana 70, ambayo kraunwili yake, yaani gia kubwa ya duara ndani ya difu, ina kipenyo cha inchi 10.5. Hiyo ni ekseli ya kazi nzito. Katika magari madogo mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, hafu shafti (mtaimbo unaotoka kwenye difu hadi gurudumuni) hubeba uzito wa gari na kuzungusha gurudumu kwa wakati mmoja, hivyo ikikatika gurudumu linaweza kuondoka nayo. Kwako sivyo. Uzito wote unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu), inayozunguka juu ya beringi mbili zilizovishwa kwenye ncha ya bomba la ekseli, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana ukifungua boliti nane zilizo katikati ya habu unaweza kuichomoa shafti yote huku gari limesimama juu ya matairi yake.

Sasa tuisikilize sauti. Mvumo unaokuja ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia hutoka zaidi kwenye kraunwili na pinioni (gia ndogo inayoizungusha kraunwili), au kwenye beringi za pinioni. Ukisikia mngurumo mzito unaobadilika gari linapoinamia upande mmoja kwenye kona, shuku beringi za habu. Mlio mmoja wa chuma kugonga unapotoa gia ya kurudi nyuma na kutia ya kwenda mbele mara nyingi ni krosi (kiungo cha msalaba) iliyolegea ya propela shafti, yaani mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nayo hubadilishwa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na difu. Nimewahi kuona difu ikifunguliwa bure kwa sababu ya matairi yaliyolika vibaya, kwa hiyo yakague nayo.

Anza na kitu ambacho mafundi wengi hukipita: kipumulio. Ni kifuniko kidogo, au kipira chembamba, juu ya bomba la ekseli. Difu ikipata joto hewa ya ndani hutanuka, na kipumulio kikiziba kwa matope au kutu, hewa hiyo huisukuma oili ipenye kwenye sili (pete inayozuia oili isitoke). Ukibadilisha sili bila kukizibua, utairudia kazi hiyo hiyo baada ya safari chache. Kisha fungua nati ya kujazia oili na uingize kidole: oili inapaswa kufika ukingoni mwa tundu au karibu sana nalo. Paka kiasi kwenye karatasi nyeupe. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidoleni ni meno au beringi zinazovunjika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, jambo la kutarajiwa kwa gari linalolala miezi mingi kwenye baridi, na maji hayo huacha mashimo ya kutu kwenye beringi zilizokaa bila kuzunguka.

Kazi ya sili yenyewe ifanywe gari likiwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee, na magurudumu ya mbele yamezuiwa. Shafti ikishachomolewa na nati za ndani kufunguliwa, habu hutoka pamoja na dramu. Ni nzito, tafuta mtu wa pili. Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapokaa: ukinasa kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitadumu. Bitana za breki zilizolowa oili zitupwe, na zibadilishwe pande zote mbili, kwa maana kuziosha kwa petroli hakuiondoi oili iliyokwisha kunywewa. Kaza beringi huku ukiizungusha habu, kisha uilegeze nati kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Beringi hizo hulainishwa na oili ile ile ya difu, na hapa ndipo wengi huziua beringi mpya. Baada ya kujaza, inua upande wa kushoto ili oili itiririke hadi habu ya kulia, subiri dakika chache, halafu fanya kinyume chake, kisha ongeza hadi kiwango. Mvumo ukiendelea baada ya hapo, difu ifunguliwe na fundi mwenye kipimo cha nafasi ya meno, na kraunwili na pinioni zibadilishwe kwa jozi. Ukinunua jozi, hesabu meno kwanza: 41 kwa 9 hutoa uwiano wa 4.56, na ukiubadilisha, mzunguko wa injini na usomaji wa spidomita vitabadilika pia.

Halafu lipime gari kwenye mizani ya malori likiwa na maji, mafuta na abiria. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli, kama pikipiki iliyoning'inizwa kwenye bampa, huikandamiza ekseli hiyo kuliko uzito wake wenyewe, kwa kuwa unaipunguzia mzigo ekseli ya mbele.

SWALI: Giaboksi ya otomatiki ya gari-nyumba langu ilikufa njiani karibu na Houston. Dereva wa gari la kuvuta alichomoa shafti zote mbili za nyuma kabla ya kunivuta. Alikuwa sahihi?

JIBU: Alikuwa sahihi, na umshukuru. Magurudumu ya nyuma yakizunguka huizungusha propela shafti na sehemu ya nyuma ya giaboksi, ilhali pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini, ambayo imezimwa. Vyuma hivyo vingesagana vikavu njia nzima. Angeweza pia kuifungua propela shafti yenyewe. Hakikisha tu kwamba aliziba matundu ya habu ili oili isimwagike na vumbi lisiingie, na kwamba shafti ziliandikwa kulia na kushoto, kwa sababu si lazima ziwe na urefu mmoja.