Mafuta gani, ndugu yangu?

Msomaji mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia: "Mwalimu, tuseme injini ao moteri? Juu moto yangu (pikipiki) inamaliza mafuta mbio sana, nataka nimwelezee fundi na kiswahili ya muzuri."

Injini ao moteri, zote ni sawa. Ya kwanza tuliipata kwa kiingereza, ya pili kwa kifaransa, nayo kifaransa ilitoa kwa kilatini. Hapa kwetu sema moteri, fundi atakuelewa mbele umalize neno.

Sasa turudie ile sentensi ya pili, umeiandika kama vile haina shida. Inamaliza mafuta. Mafuta gani? Neno yenyewe ni ya kibantu ya zamani, hata kilingala iko nayo, na mababu walijua ya kupikia na ya kujipakaa, basi. Leo esansi (petroli) ni mafuta, mazutu (dizeli) ni mafuta, wile (oili) ya moteri ni mafuta, na ya kukaanga samaki sambaza pia ni mafuta!

Mdogo wangu ni motari, anabeba watu na moto. Fundi alimwambia kwa simu: "Mafuta imeisha, weka mbele ya kutembea." Kijana mwenye heshima, akaenda kwa kadhafi, muuza esansi wa kando ya barabara, akanunua esansi litre mbili, akajaza tanki, akapakia mama mmoja na mifuko yake ya makala ya kupikia. Hawakufika mbali, moteri ikalia kama mbuzi, ikashikana. Walipoifungua nilishika pistoni na mkono wangu, ilikwaruzwa kama sufuria ya foufou. Fundi alikuwa anasema wile! Kila mtu alisema mafuta, kila mtu alisikia mafuta, na moteri ikafa kati yao.

Juu angalia inavyofanya kazi, ile ya hatua nne yenye Mjerumani Otto alitengeneza 1876. Pistoni inashuka inavuta hewa na esansi, inapanda inabana, bujie (plagi) inapiga cheche, ile inawaka inasukuma pistoni chini, kisha inapanda tena kufukuza moshi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche inapiga mara 25 kwa sekunde moja. (Mu gari ya mazutu cheche haiko, hewa inabanwa mpaka inakuwa moto yenyewe.) Wile haina kazi mu ule moto, yenyewe inakaa chini, inapakaa chuma ili kisisugue chuma kingine.

Kwa hiyo jiulize tu: moteri inaikunywa ao inajipakaa? Yenye inakunywa iite esansi ao mazutu. Yenye inajipakaa, hiyo ndio mafuta, na ukitaka usalama zaidi sema wile, sitakukasirikia. Na "imeisha" ao "yameisha" usiniulize, mimi mwenyewe nasema imeisha.

Kwa fundi wako basi: kama ni esansi inaisha mbio, aanze na karbirateri, yenye inachanganya hewa na esansi. Kama ni wile na moshi inatoka buluu, segma, zile pete za pistoni, zimechoka, weka feza pembeni.

Jana jioni mu Birere nilisimama kwa kadhafi, nikamwambia wazi wazi, na sauti ya darasa: "Esansi, litre moja." Akaniangalia, akachukua chupa. "Aah, mzee anataka mafuta!"

Nikalipa.