Tazama Mgongo wa Stempu Kabla ya Sura Yake

Stempu ya kwanza ya Marekani niliyoilipia fedha za maana ilikuwa ya senti moja, ya kijani, yenye kichwa cha Benjamin Franklin. Muuzaji wa mtandaoni aliieleza kuwa ni stempu ya koili ya mwaka 1908, yaani mojawapo ya zile zilizouzwa zikiwa zimeviringishwa kama utepe, zenye vitobo juu na chini tu huku pande za kushoto na kulia zikiwa zimenyooka. Nililipa dola 40, nikaiweka kwenye albamu, nikaitazama kila jioni kwa fahari. Nilipoipeleka kwa wakaguzi, cheti kilirudi kikisema kwamba hiyo ilikuwa stempu ya kawaida yenye vitobo pande zote nne, ambayo mtu alikuwa ameikata pande mbili kwa wembe. Thamani yake haikufikia bei ya kikombe cha chai.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika mji wa State College, jimbo la Pennsylvania, na bahati yangu ni kwamba Bellefonte, ambako Jumuiya ya Wakusanyaji Stempu ya Marekani ina makao na maktaba yake katika majengo ya kiwanda cha zamani cha viberiti, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari. Nilikwenda huko nikiwa na hasira, nikaendelea kwenda kwa sababu ya vitabu. Mengi ninayoyaandika hapa niliyajifunza kwenye meza za maktaba ile, na mengine niliyajifunza baada ya kurudi nyumbani Tanga, ambako hali ya hewa ilinipa somo lake.

Anayeanza na stempu za Marekani za mwanzo wa karne ya 20 atakutana upesi na toleo ambalo wakusanyaji huliita Washington-Franklin, lililoanza mwaka 1908 na kuendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa macho ni toleo la kuchosha: kichwa cha Washington, kichwa cha Franklin, rangi zinabadilika, basi. Lakini katika michoro hiyo michache katalogi zinatambua stempu zaidi ya 200 zilizo tofauti, na tofauti zenyewe haziko kwenye picha. Ziko kwenye karatasi, kwenye vitobo, na katika mashine iliyochapa. Stempu mbili nyekundu za senti mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikawa ya kutupa na nyingine ikawa ya kuuzia pikipiki.

Inasaidia sana kujua ni kwa nini mambo yalibadilika, kwa maana sababu hukaa kichwani kuliko namba za katalogi. Vitobo huhesabiwa katika kila sentimita mbili hadi leo, na stempu za 1908 zilikuwa na 12. Vitobo vikisongamana hivyo karatasi hudhoofika, na koili zilikuwa zikikatika ndani ya mashine za kuuzia stempu. Wachapaji wakajaribu vitobo 8½ kwenye koili, zikawa ngumu kuchanika. Wakahamia 10, na kuanzia 1914 stempu za karatasi nzima, yaani zisizo za koili, nazo zikatobolewa kwa 10, wateja wakalalamika kwamba stempu zinachanika vibaya. Mwishowe, mwaka 1917, kwa karatasi nzima wakatulia kwenye 11. Karatasi nayo ina historia yake. Mwanzoni ilikuwa na alama ya maji, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe, ya herufi USPS zilizochorwa kwa mistari miwili, kuanzia 1910 herufi hizo zikawa za mstari mmoja, na mwaka 1916 alama ikaachwa kabisa. Kisha vita vya Ulaya vikakata rangi zilizokuwa zikitoka Ujerumani, wino uliobaki ukawa unayala mabamba ya kuchapia, na kuanzia 1918 baadhi ya stempu zikachapwa kwa ofseti, yaani bila bamba kukandamiza karatasi moja kwa moja, ambazo ukizipapasa hazina ule mkwaruzo mdogo wa wino ulioinuka.

Ukiishika kalenda hiyo, umepata silaha dhidi ya walaghai. Bahasha yenye muhuri wa 1912 na stempu ya karatasi nzima yenye vitobo 11 haiwezi kuwa ya kweli, hata kama kila kitu kingine kinapendeza. Kalenda ileile ina vighairi vyake, na humo ndimo uadimu unamojificha. Mwaka 1917 karatasi za zamani za senti mbili ambazo hazikuwa zimetobolewa, zilizochapwa tangu toleo la 1908, zilirudishwa na posta ya New York zikatobolewa kwa 11 ili zisipotee. Hivyo ikapatikana stempu yenye alama ya maji ya mistari miwili na vitobo vya miaka tisa baadaye, na hiyo ni ya thamani. Wajanja hawakuchelewa kununua zile zisizotobolewa na kuzitoboa wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua takataka. Tafuta mfuko wa stempu nyekundu za senti mbili zilizotumika, mia mbili au mia tatu, ambazo wauzaji huziuza kwa uzito kwa sababu zilichapwa kwa mabilioni, ukae nazo miezi mitatu bila kununua kingine. Unahitaji kibanio cha stempu, kipimo cha vitobo, rula yenye nusu milimita, kioo cha kukuzia, kisahani cheusi na majimaji ya kuonyeshea alama ya maji, ambayo utayatumia dirisha likiwa wazi na mbali na jiko. Alama ya mstari mmoja hukasirisha, kwa kuwa mara nyingi stempu hubeba kipande tu cha herufi, na mimi nimeshawahi kuikosa mara tatu kwenye stempu ileile.

Kutambua mashine ndiko kunakowashinda wengi, ingawa hakuhitaji kifaa cha gharama. Bamba bapa huchapa picha kwa kipimo chake halisi. Bamba la mashine ya mzunguko hupindwa ili livae silinda, na katika kupindwa huko picha huvutika kwa karibu nusu milimita au zaidi kidogo, ama kwa urefu ama kwa upana. Chukua stempu ya kawaida unayojua kuwa ni ya bamba bapa, kata kidogo pembe zake, kisha iweke juu ya ile unayoichunguza ukilinganisha mistari ya fremu. Picha ya chini ikichomoza, una stempu ya mzunguko. Geuza pia mgongo, kwa sababu zile za bamba bapa mara nyingi huwa na madoadoa ya wino nyuma. Kutokana na nusu milimita hiyo zilitambuliwa baadhi ya stempu adimu kuliko zote za karne ile, kama vile Franklin ya kijani ya senti moja iliyotengenezwa kwa mabaki ya mashine ya mzunguko na kutobolewa kwa 11, ambayo nakala zake zinazojulikana ni chache mno na nyingi kati ya hizo zina jina la Kansas City lililochapwa juu yake kabla ya kuuzwa. Nimezitazama maelfu nikiitafuta. Sijaipata.

Kuhusu koili, nimekuwa mkali tangu ile dola 40. Upande ulionyooka peke yake hauthibitishi lolote, kwa kuwa karatasi za stempu 400 zilikatwa vipande vya mia mia, na stempu zilizoangukia kwenye mkato zilibaki na upande mmoja, au pembeni pande mbili zinazokutana, bila vitobo. Koili ya kweli ina pande mbili zinazotazamana zilizonyooka sambamba na upana wa kutosha. Ikionekana nyembamba kuliko jirani zake, iache. Nunua jozi iliyoungana kila inapowezekana, na kwa bei yoyote inayokuuma, dai cheti cha Philatelic Foundation ya New York au cha jumuiya ile ya Bellefonte, chenye picha ambayo utailinganisha mwenyewe na stempu, kitobo kwa kitobo. Muuzaji akisema kwamba cheti ni upotevu wa fedha, basi ameshakwambia unachotaka kujua.

Wanaoanza huniuliza kwanza habari za ile ndege iliyopinduka. Ni kweli kwamba tarehe 14 Mei 1918 bwana mmoja, William Robey, alinunua posta mjini Washington karatasi ya stempu 100 za senti 24 ambazo ndege yake imechapwa miguu juu, na ni kweli kwamba zote za kosa hilo zinazojulikana zinatokana na karatasi ile moja. Nenda ukaitazame katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Posta, karibu na kituo cha reli cha Union Station, kisha rudi kwenye senti mbili zako.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda, nalo ni bahasha. Katalogi na minada husifia stempu ambayo haijatumika, yenye gundi yake kamili isiyoguswa na kibandiko cha albamu, na kwa ajili ya gundi hiyo bei hupanda maradufu na zaidi. Mimi nilirudi Tanga na stempu kumi na mbili za namna hiyo. Mvua za masika za mwaka wa kwanza zilipopita, tisa zilikuwa zimegandana na kurasa, na gundi niliyoilipia nusu ya bei ikawa imetumika kubandika albamu. Anayeishi mwambao, awe Mombasa, Unguja au Muscat, ananunua gundi kwa hasara yake, na tena gundi ndiyo wajanja huipaka upya kwa urahisi. Bahasha iliyosafiri haina tatizo hilo. Gundi yake ilishafanya kazi miaka mia iliyopita.

Tena bahasha inasema, na ushahidi wake unaweza kuhojiwa. Ninapoletewa bahasha nauliza kwanza kama nauli inalingana na safari. Barua ya ndani ya Marekani ililipiwa senti mbili; kuanzia tarehe 2 Novemba 1917 ikawa senti tatu kwa sababu ya vita, ikarudi senti mbili Julai 1919. Barua ya nchi nyingi za nje ililipiwa senti tano, lakini chache zilikuwa na nauli nafuu, kama Uingereza, ambayo tangu Oktoba 1908 ilihesabiwa senti mbili kwa makubaliano maalumu. Bahasha ya senti mbili iliyoandikwa Zanzibar, isiyo na herufi T ya deni wala alama yoyote ya malipo pungufu, inanitia shaka mara moja. Kisha naangalia kama wino wa muhuri umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi bila kukatika, na kama mistari inakutana pale inapopaswa. Stempu iliyobanduliwa na kubandikwa nyingine huacha mstari uliovunjika. Mwisho nageuza nyuma kusoma mihuri ya njiani na ya kupokelea, nikipiga hesabu ya siku.

Kwa njia hiyo nilipata bahasha ninayoithamini kuliko zote, ya mwaka 1910, yenye Washington wa buluu wa senti tano, kutoka Philadelphia kwenda kituo cha wamisionari wa Kimarekani cha Kijabe. Muuzaji aliiweka kwenye sanduku la bahasha za dola tatu kwa sababu stempu yake ni ya kawaida na ina kitobo kimoja kilichokatika. Wakusanyaji wengi wa Marekani hutafuta stempu nzuri, na hawajali sana barua ilikwenda wapi katika upande wetu wa dunia. Sisi tunaosoma majina ya Mombasa, Kijabe na Bagamoyo bila kufungua ramani tunaingia sokoni tukiwa na faida ambayo hailipiwi. Tafuteni kwenye masanduku hayo, hasa ya miaka ya kabla ya 1914.

Usibandue stempu kwenye bahasha ya zamani, hata ikiwa imechanika, wala usiizibe kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Zihifadhi ndani ya mifuko ya poliesta, si ya plastiki laini inayonuka, ambayo huyeyusha wino. Mimi naziweka wima, bila kuzibana, ndani ya boksi lenye vifuko vya silika ambavyo navikausha kwenye oveni kila baada ya wiki mbili wakati wa masika, na sifungui boksi baada ya mvua mpaka jua la saa nne liwe limekausha chumba. Kwenye kadi ya kila bahasha naandika kwa penseli tarehe niliyoinunua, bei, na sababu ya kuiona kuwa ya kweli. Ile Franklin ya dola 40 nayo ina kadi yake, na huwa ya kwanza kuwatolea wageni wanaotaka kuona mkusanyiko, pamoja na rula ili wapime wenyewe.