Mbiringani Ukinyauka Ungali Mbichi

Juzi dada mmoja wa Mkoani kaniletea picha: mibiringani yake sita imelala, majani bado kijani. Aongeze maji au anunue dawa? Moyo umeniuma, maana nilichokiona ni uwani kwangu hapa Wete, Pemba, mwaka juzi.

Nilikuwa na mashina 30, na fedha yake nimeshaipangia. Nilipanda palepale nilipovuna tungule (nyanya), kwa kuwa udongo ulikuwa laini na samadi imo. Maua yalipoanza, shina moja likalegea mchana, jioni likainuka kidogo, kesho yake likalala moja kwa moja. Dukani nikauziwa dawa ya ukungu, kisha ya wadudu. Zilikuwa fedha za viatu vya skuli vya mwanangu, na mpaka leo sijasahau. Wiki tatu, mashina yote yamekwenda. Jirani akasema biringani halitaki mkono wangu.

Bwana shamba ndiye aliyenifumbua macho. Alikata shina, akalining'iniza kwenye gilasi ya maji safi, na baada ya dakika chache ukateremka uzi mweupe kama tui. Ni bakteria wa mnyauko. Makao yake udongoni, na ukishaingia hakuna dawa ya kuuponya mmea. Biringani, tungule, pilipili na mbatata ni ukoo mmoja, kwa hiyo ugonjwa wa huyu humngojea mwenzake ardhini.

Safari hii nimepanda kwenye mapolo (magunia) 12: udongo wa mahali pasipolimwa, mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, juu makumbi ya kushika unyevu. Mbegu nilitia Juni, masika yamekwisha, nikapandikiza baada ya wiki tano. Mwisho wa Septemba nikakata la kwanza, linang'ara! Lisiachwe mpaka likafifia, mbegu hukomaa na utamu ukaondoka. Tumepika mchuzi, tumeuza, na yule jirani nikampelekea kikapu. Kapokea kimya.

Jamani, tuache kukimbilia chupa kabla ya kujua kinachoua mimea yetu. Kata shina, tia majini, tazama. Gilasi ya maji haina gharama.

Na wewe dada wa Mkoani, ukiuona uzi ule, ing'oe yote leo na mizizi yake, uichome, jembe ulioshe. Hapo panda mahindi, na mibiringani mipya uipande kwenye mapolo.