Muulize Dereva: Faini ya mahari nilipe mimi au ilipe simu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwezi wa nne tulipeleka mahari ya mdogo wangu kwenye kijiji kimoja karibu na Bumbuli, kule Usambara. Niliendesha mimi, Noah ya kukodi, wazee watano nyuma. Kufika Korogwe ramani ya simu ikasema nikate kulia nipite Kwashemshi na Dindira, nitaokoa dakika 25. Mjomba akasema, “Sisi siku zote tunapita Mombo, tunapandia Soni.” Nikamjibu, “Mjomba, hii inaongozwa na setilaiti.” Akanyamaza.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mpando mmoja wenye udongo mwekundu gari likarudi nyuma lenyewe, likakalia mtaro. Vijana walitunasua kwa shilingi 40,000. Tuliotarajiwa saa nne asubuhi tuliingia saa kumi jioni, kanzu za wazee zina tope hadi magotini. Wakwe wakatupiga faini ya kuchelewa, shilingi 100,000. Mjomba anasema niilipe yote. Mimi nasema ramani ndiyo iliyonidanganya. Tuamulie. Halafu, kule mlimani mshale ulikuwa unarukaruka: ni kwa sababu bando lilikuwa linaisha? Harusi ni Desemba na dereva ni mimi tena, mjomba akikubali.
Mwenye Tope, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Barua yako nilimsomea mama watoto, akacheka mpaka akaacha mchele kwenye ungo.

Nianze na bando, maana ndilo jepesi. Setilaiti hazikuoni wala hazijui kama una mahari. Ziko juu zaidi ya kilomita 20,000, zinatangaza saa yao na mahali zilipo tu, kama mwadhini asiyejua nani bado yuko kitandani. Simu inasikiliza, ikizipata nne inapiga hesabu ya mahali ilipo. Kwa hilo haidai bando hata senti. Bando linaleta picha ya ramani, na ndiyo maana ukiwa nyumbani unaipakua kabisa kabla ya kuondoka. Mshale kurukaruka ni kazi ya milima: ukiwa bondeni kuta zinaziba anga, simu inasikia setilaiti chache, nyingine kwa mwangwi, basi inakisia. Usiisonye.

Sasa kesi. Simu ilijua ulipo, na ilijua Bumbuli iko wapi. Ile njia ya Dindira ipo kweli, si ya kuzua, magari hupita. Ila ramani inaona mstari. Udongo wa Usambara ukilowa unakuwa sabuni, na hilo halimo kwenye mstari. Mjomba uliyekuwa naye garini, aliyekuwa analijua hilo, ulimnyamazisha kwa neno “setilaiti”. Hapo ndipo kosa lako lilipo, wala si kwenye kukata kulia.

Usidhani nakucheka nikiwa nimesimama pakavu. Nimeendesha malori na mabasi miaka 31, na baada ya kustaafu mwanangu akanipa simu yenye ramani. Asubuhi moja ya masika natoka Magomeni kwenda Kariakoo, naona njia ya Jangwani haina foleni kabisa. Nikajisifu. Nafika, watu wamejipanga kando kama wanatazama mpira, mto Msimbazi umeifunika barabara. Ilikuwa haina foleni kwa sababu hakuna gari lililokuwa linapita! Ramani hizi hujua foleni kwa simu za madereva wenzako zinavyotembea. Pasipo na gari pia pataonekana pametulia. Mzee mzima, niliyeipita Jangwani tangu enzi za mabasi ya Ikarus, nikaaminishwa na kioo cha ukubwa wa kiganja kwamba mto haupo. Nikageuza mbele ya macho ya watu wote wale.

Mwaka 2012 kule Australia, watalii watatu kutoka Japani walifuata kifaa chao wakaingiza gari baharini, wakielekea kisiwa cha North Stradbroke. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaliona tope wakadhani njia, gari likakwama, maji yakajaa. Mtoto wa Pangani wa darasa la pili angewauliza tu: leo ni bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, au maji mafu?

Kwa hiyo Korogwe ungefanya nini? Ungeshuka. Watu wengi siku hizi hawashuki, wanaona haya kuuliza njia kana kwamba wameomba nauli. Na wakiuliza wanauliza vibaya. Usimwambie mtu, “Hii inafika Bumbuli?” Atasema ndiyo, kwa adabu, na kweli inafika, hata kwa miguu. Uliza, “Leo gari dogo limepita? La mwisho limetoka huko saa ngapi?” Usimuulize bodaboda peke yake, kwake hata njia ya mbuzi ni barabara. Mtafute dereva aliyeteremka kutoka huko asubuhi hiyo, na kabla hajafungua mdomo litazame gari lake. Tope likiishia kwenye rimu, jaribu. Likifika kwenye vitasa vya milango, na gari lenyewe ni Land Cruiser, rudi kwenye lami na Noah yako ya kukodi. Ni kama kilomita 40 tu kutoka hapo hadi Mombo, unapanda mpaka Soni penye maporomoko, unakata kwenda Bumbuli. Hizo dakika 25 ulizoahidiwa ungezipoteza kwa raha, wazee wakinunua matunda ya barabarani.

Ramani usiitupe. Mimi yangu natumia kila siku, hasa mjini, Mbezi na Goba kule ambako mitaa inazaliwa usiku. Naitazama kabla sijawasha gari, nione njia nzima, niandike majina manne matano ya vituo kwenye karatasi. Ikitaja njia nisiyoijua, naisimamisha kwanza.

Hukumu: faini ya wakwe shilingi 100,000, wewe 70,000, mjomba 30,000. Najua atapiga kelele. Lakini mtu aliyeijua njia, akaona gari linakata kulia, akanuna mpaka mtaroni badala ya kusema “simamisha”, naye ana sehemu yake. Kununa si kukataa. Zile 40,000 za vijana ni zako peke yako, na kama hukuwaongezea ya soda ulikosea.

Desemba mvua zinaweza kuwa bado zinadondoka. Mpe mjomba kiti cha mbele. Mkifika Mombo simameni, wazee wanywe chai, wewe kagua breki na maji ya rejeta kabla ya mpando. Siku ya kurudi mtakuwa mmeshiba pilau na wote watalala, kwa hiyo kuanzia Soni teremka kwa gia ndogo, usiishi juu ya breki. Na bibi harusi akiwa ndani ya gari, honi piga kwenye kila kona, hata kama hakuna anayekuja.